Bi Thuwaiba Alipoketi Ndani ya Kamba

Wanangu, kazi ya kusimama huanzia duka la viatu. Nunua namba moja zaidi ya mguu wako, kwa sababu ikifika alasiri mguu umevimba, na kiatu kilichokukaa sawasawa asubuhi kitakuwa kinakutafuna. Vaa soksi nene hata wakati wa joto. Usiegemee ukuta, mwili ukishauonja ukuta mara moja, kutwa nzima utakuwa unauomba. Tanguliza mguu mmoja kidogo, kisha badilisha. Mimi nimefanya hivyo katika makumbusho moja ya hapa London mpaka nikastaafu, na magoti haya bado yananipandisha ngazi za stesheni ya Kilburn bila manung'uniko makubwa.

Nayaandika haya kwa sababu binti wa jirani yangu kaajiriwa juzi kulinda ukumbi, kama nilivyokuwa mimi, akanijia na swali. Aliniuliza kwa Kiingereza, maana watoto wetu wa huku Kiswahili wanakisikia ila hawakijibu: kazi yenyewe ndiyo kusimama tu? Nikamwambia akae chini, habari ni ndefu. Na nyinyi nanyi kaeni.

Ukumbi wangu ulikuwa wa historia na majengo ya Bara Arabu. Ukiingia, unakutana na mfano wa mnara wa upepo, ule unaounasa upepo juu ya paa na kuuteremsha vyumbani. Kisha yanakuja madirisha ya mbao zilizotobolewa, ili aliye ndani aone nje naye asionekane. Mwisho kabisa kuna chumba cha wageni kilichojengwa upya kama kilivyokuwa: plasta nyeupe, zidaka ukutani zenye vyombo vya kaure, zulia, mito ya kukalia na kuegemea imezunguka kuta zote, dele la kahawa la shaba katikati, na boriti juu. Mimi mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na siku ya kwanza nilipokiona nusura nipige hodi. Maandishi ya pale yanasema boriti zile zilitoka pwani yetu, na kwamba ndizo zilizoamua upana wa chumba. Boriti ikiishia hapa, na ukuta unasimama hapa, uwe tajiri uwe maskini. Likumbukeni hilo la boriti.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jayanti, Mhindi wa Kisumu, aliyekuwa ameshazeekea ukumbini mimi nilipoingia. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na Kiswahili chake cha duka la babake hakukiacha hata baada ya miaka mingi ya kuishi huku. Somo lake la kwanza lilikuwa miguu. Walinzi wapya hutazama mikono ya wageni, alisema, na hilo ni kosa, kwa sababu ukiuona mkono umeshachelewa. Mtu anayetaka kugusa kitu husogeza mguu kwanza. Kisigino kinanyanyuka, uzito unakwenda mbele, kisha ndiyo mkono. Ukikiona kisigino, una nafasi ya kufika pale ukitabasamu.

Somo la pili ndilo lililonilisha miaka yote ile. "Dada," aliniambia, "wewe usifukuze mtu pahali. Mpe pahali ingine ya kwenda." Akanionyesha siku hiyo hiyo. Mwanamume mmoja alikuwa amebandika kiganja kwenye mlango uliochongwa, anaupapasa. Mzee Jayanti hakumwambia aache. Alimsogelea akamnong'oneza kwamba mchongo mzuri kuliko wote uko juu ya kizingiti, na ili kuuona lazima arudi nyuma kidogo. Yule bwana akarudi nyuma, akautazama, akashukuru, na mlango ukapumua. Hakuna aliyeaibika.

Na mimi mwenyewe alinitoa pahali kwa adabu hiyo hiyo. Nilipokuwa mgeni wa kazi, nilikuwa nikiswali adhuhuri katika stoo ndogo nyuma ya ukumbi, isiyo na dirisha. Kibla sikuuliza mtu. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mihrabu nzuri ya msikiti wa kale, nami nikajiambia, kibla gani zaidi ya hicho? Mzee Jayanti alikuwa akila chakula chake cha mchana mle mle, dengu na chapati, akigeuka ili asinitazame. Alivumilia wiki kadhaa. Hatimaye akakohoa.

"Dada, mimi Hindu, mambo ya dini yako sijui. Lakini Maka si iko mashariki? Wewe naangalia duka ya postikadi."

Mihrabu, wanangu, ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta uliokuwa wazi, basi. Mafundi walitafuta ukuta, hawakutafuta Makka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona haya, halafu nikacheka tena. Kesho yake Mzee Jayanti alikuwa ameweka kipande cha utepe sakafuni, kinaelekea panapostahiki, wala hakulizungumza tena. Mungu amlaze pema. Nilipokwenda kumuaga nilivaa shati nililolipiga pasi mara mbili.

Kazi ilibadilika sana baada yake. Zamani ulinzi ulikuwa kamba na macho yako. Baadaye wakaleta mitambo ya kuhisi: ukivuka kamba, kitu kinalia tii-tii-tii kama kuku aliyekanyagwa, na redio kiunoni mwako inaanza kuuliza. Kisha zikaja simu zenye kamera. Kabla yake tulikuwa tukivilinda vitu na mikono ya watu. Sasa tukawa tunavilinda na migongo yao, maana kila mtu anarudi kinyumenyume ajipige picha. Mambo ya miguu ya Mzee Jayanti yalizidi kunifaa. Ila kuna siku moja hayakunifaa, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Palikuwa na mwanamke wa Unguja akiitwa Zuhura, mmoja wa wasafishaji wetu. Wasafishaji huingia alfajiri na kutoka sisi tunapofungua milango, kwa hiyo wengi hawajulikani hata sura, lakini mimi na Zuhura tulikuwa tukikutana chumba cha mapumziko, ananimiminia kahawa ya tangawizi kutoka chupa yake na kunipa visheti. Alikuwa mjane, mwenye bidii, mwenye kisirani kidogo asubuhi. Aliishi Kilburn, mtaa wa pili kutoka kwangu, chumba kimoja cha kupanga na binti yake Salma, jikoni na choo wakishirikiana na familia ya Kikongo. Salma alikuwa akiuza nguo duka moja la Stratford, na huko ndiko alikojuana na kijana Khalid, aliyekuja kusoma kutoka Maskati, ukoo wenye asili ya Unguja. Kijana akataka mambo yaende kwa njia. Mama yake, Bi Thuwaiba, akasema atakuja London kuwaona watu wa binti. Mnajua desturi: kwanza hutangulia wanawake, wanabisha hodi, wanazungumza, wanaona, wakiridhika ndipo wazee wa kiume waje na posa yenyewe.

Zuhura aliposikia anakuja, usingizi ulimpaa. Alinieleza asubuhi moja. Kaka wa Khalid ana nyumba ya ghorofa, alisema, wageni wao hulazwa vyumba vyenye bafu. Mimi nimkalishe wapi mama wa watu, juu ya kitanda? Akaniambia ameshapanga. Amemwambia Bi Thuwaiba kwenye simu kwamba yeye anafanya kazi makumbusho, uongo si uongo, na kwamba angependa amtembeze kwenye ukumbi wa Bara Arabu, kisha wakale chakula Edgware Road, na hapo hapo mezani wazungumze yao.

Nilimwambia posa haipokelewi njiani. Nikamwambia na lile la boriti, kwamba hata wenye mali walikaa vyumba vyembamba, na kwamba nyumba njema si mlango. Akanijibu, "Da Mwanaisha, methali utakaa juu yake wewe. Mimi nataka kiti." Salma mwenyewe alishamsihi mamake aseme kweli, naye alikataa. Alikuwa na hakika kwamba Bi Thuwaiba akikiona kile chumba cha Kilburn, posa itakuwa imeishia hapo. Nami, nawaambieni kweli, niliogopa huenda hakukosea.

Siku ikafika. Zuhura alimaliza zamu yake, akavua sare, akavaa baibui lake zuri, akajitia na manukato, akasimama mlangoni kama mwenye jengo. Bi Thuwaiba akaletwa na mwanawe, akashushwa, na kijana akaondoka zake kama inavyotakiwa. Alikuwa mama mzee, mnene, fimbo mkononi, uso wa kuchekacheka lakini macho makali. Kiswahili chake cha Unguja tupu. Walipofika ukumbini kwangu wakanisalimia, nami nikajifanya namjua Zuhura kwa sura tu.

Zuhura alimtembeza vizuri sana. Alijua kila kitu kilipo, kwa sababu kila kitu alikipangusa vumbi lake. Lakini ukumbi ule ni mrefu, na Bi Thuwaiba alikuwa na miguu ya kuuma, na mwenyeji wake kwa wasiwasi alikuwa akisema bila kupumzika. Kwenye mnara wa upepo yule mama alikuwa bado anaitikia. Kwenye madirisha akawa anaegemea fimbo. Walipofika mwisho, pale kwenye chumba cha wageni, nilimwona anakitazama kile chumba kama mtu aliyefika.

Mzee Jayanti alinifundisha mguu unaosogea. Hakunifundisha mguu unaovua kiatu. Bi Thuwaiba alivua makubazi yake, akayapanga vizuri kando ya kamba, akainua baibui, akavuka, akaenda kukaa kwenye mto wa pembeni, akaegemeza mgongo ukutani, akashusha pumzi. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinamwambia karibu, naye alikaribia. Halafu akalitazama lile dele la shaba, akamtazama Zuhura, akangoja kahawa.

Tii-tii-tii.

Zuhura alinigeukia. Uso ule sijausahau. Kumwinua mgeni wa posa alipokaa ni sawa na kumfukuza, na kumwacha ni kazi yangu kwenda na maji. Wageni wengine walishaanza kukusanyika, na mmoja alikuwa anatoa simu. Redio kiunoni ikauliza kuna nini. Nikamsikia Mzee Jayanti kama yuko kando yangu na shati lake.

Nikaijibu redio kwanza. Hilo nalo mlishike, jibuni redio kwanza, mtu akijua uko pale hatumi wengine. Nikasema kuna mgeni mzee anahitaji kupumzika, nikaomba mtu wa kushika zamu yangu. Yote yalikuwa kweli. Kisha nikavua viatu vyangu, kwa sababu sikuweza kumwendea na viatu juu ya zulia naye kakaa, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama," nikamwambia, "kahawa ya hapa imekauka zamani. Ya moto iko chini, kwa Zuhura. Twende ukanywe."

Alinitazama, akaitazama kamba, akawatazama watu. Akafahamu. Akaniambia polepole, "Kumbe nimekalia vitu vya watu." Nikamwambia hapana, umekalia pahali pa kukaliwa, ila wenyewe hawapo. Akanipa mkono nikamwinua, na alisimama kama anayetoka barazani kwa hiari yake. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Lakini chini, wanangu, palikuwa chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Kabati za chuma, viti vya plastiki, ndoo na mafagio nyuma ya mlango. Zuhura aliteremka ngazi zile nyuma yetu kama anayepelekwa kuhukumiwa. Nilijua nimemwokoa na aibu moja nikamwingiza katika nyingine, lakini sikuwa na pahali pengine pa kuwapeleka. Zuhura akafungua chupa yake ya kahawa, akamtilia mgeni katika kikombe cha wafanyakazi kilichomeguka mdomo, akamsogezea visheti.

Sasa, wageni wa Omani nimewaona sana Edgware Road, na jambo moja nalijua. Mgeni akishatosheka kahawa, hukitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Asipokitikisa, mwenyeji anaendelea kumtilia. Zuhura hilo halijui; mimi nikawa nakitazama kile kikombe kama nilivyokuwa nikitazama visigino.

Bi Thuwaiba akanywa. Macho yake yakazunguka, yakatua kwenye sare ya bluu iliyotundikwa, yenye jina kifuani.

"Hii nguo ina jina lako," akasema.

Maneno yakamtoka Zuhura yote kwa pamoja. "Ndiyo, mama. Miye nasafisha hapa. Ule ukumbi uliotembelea, alfajiri nilikuwa naupiga mopu. Na nyumbani kwangu ni chumba kimoja, miye na mwanangu, cha kupanga, jiko la shirika. Nimeona haya kukupeleka. Salma alinambia niseme, miye ndiye niliyekataa. Usimhukumu mtoto kwa uongo wangu."

Mashine ya kupashia chakula ikalia, chakula cha mtu, hakuna aliyekwenda kukitoa. Bi Thuwaiba alikuwa amekishika kikombe, kiko tupu. Nikasema moyoni, sasa atakitikisa.

Akakinyoosha mbele, mkono umetulia kabisa. "Tia," akasema. Zuhura akatia. Akanywa, akakinyoosha tena. Mara ya tatu ndipo akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo, ile hasira ya mtu anayekujali: "Umenitembeza nyumba za waliokufa mpaka miguu imeniuma, ya walio hai ukanificha. Ijumaa nakuja kwako. Na hivi visheti, nani kakaanga?"

Zuhura akasema ni Salma. Bi Thuwaiba akachukua kingine.

Mimi niliitwa na meneja kesho yake. Nilimweleza yote, naye alikuwa kijana mwema, alijitahidi asicheke. Ila kanuni ni kanuni. Nilihamishiwa ukumbi wa saa za kale kwa miezi ya baridi, na huko kazi ni kusikiliza tik-tik mpaka ukaota. Mtaalamu wa vitu vya kale alikuja na brashi laini kuurudisha ule mto katika umbo lake, maana Bi Thuwaiba alikuwa ameuachia shimo. Nilimhurumia, alifanya kazi yake kwa upole. Lakini katika miaka yote niliyoulinda mto ule, siku hiyo peke yake ndiyo uliyofanya kazi yake.

Ndoa ilifungwa, hilo sitawaficha, na biryani nililila. Sikukaa kuwaandikia harusi, hata hivyo. Yule binti wa jirani aliniuliza kama kazi ni kusimama tu, na jibu langu liko katika ile Ijumaa.

Zuhura alinitaka niwepo. Alikuwa amekisugua kile chumba tangu usiku wa kuamkia, akaazima viti kwa wale Wakongo, na mama wa Kikongo akaleta na kitambaa cha meza bila kuombwa. Viti vilipoingia, chumba kikajaa hata pa kupita hapana, ikabidi virudishwe vyote isipokuwa kimoja. Bi Thuwaiba akapiga hodi. Akavua makubazi mlangoni, akaingia, akatazama dari, akatazama ukuta huu na ule. Kilikuwa chembamba kweli. Zuhura alisimama katikati, kiti kile kimoja mkononi, hajui akiweke wapi.

Mgeni alikipita kiti. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akakibonyeza kwa kiganja, akakaa, akajivuta mpaka mgongo ukafika ukutani. Kisha akainua kidole tunyamaze. Akasikiliza, shingo kainamisha upande, muda mrefu kidogo, mpaka mimi nikaanza kusikiliza naye. Bomba la jirani lilikuwa linapitisha maji. Basi likapita barabarani.

"Hapalii kitu," akasema. "Basi hapa ndipo kwa watu."

Zuhura akakiweka kiti chini, akaenda jikoni kuleta kahawa.